Jiko Lililokataa Mara ya Tatu

Rumyana alijua oveni imekufa hata kabla ya kuifungua, kwa sababu hakukuwa na harufu yoyote. Pai ya jibini ilikuwa imekaa mle ndani dakika ishirini, na jiko zima bado lilinukia sabuni ya vyombo tu. Akafungua mlango. Tabaka za unga zilikuwa zimelala kwenye sinia vilevile alivyozipanga, nyeupe, zimelowa mayai, baridi.

"Mama," aliita. "Oveni imekataa tena."

"Tena?" Donka, mama mkwe wake, alijibu kutoka sebuleni. Hakusikika kushangaa hata kidogo. "Basi leo hutoki. Nyumba haiachwi bila chakula."

Rumyana akatazama saa ya ukutani. Saa saba na nusu mchana. Saa tisa kamili alitakiwa kuwa kwenye daraja la mto Yantra, akiwa na jibu. Mtu mmoja angekuwa amesimama pale kwenye theluji, mikono mfukoni, akilisubiri jibu hilo, na keshokutwa, Jumatatu asubuhi, mtu huyo angepanda basi la Burgas, aende zake baharini akaanze maisha mapya, pamoja naye au bila yeye.

Rumyana alikuwa na miaka thelathini na tatu. Kwa miaka minne alikuwa mjane, na miaka yote hiyo ameishi na mama wa marehemu mumewe, Plamen, katika nyumba hii ya vyumba viwili, ghorofa ya nne, mjini Gabrovo. Asubuhi anakwenda kuuza dawa kwenye famasi, jioni anarudi. Picha ya Plamen ilimtazama akila. Ndara za Plamen zilikuwa bado mlangoni, na ole wake mgeni atakayezigusa. Kila alipofikiria kuondoka, alijiona tena hospitalini, ameshika mkono uliobaki mifupa mitupu, akijisikia akisema, "Sitamwacha mama yako, Plamen. Nakuapia." Na nyuma yake, kwenye kiti, Donka alikuwa amekaa akisikia kila neno.

Kiapo hicho Donka hakukitaja kila siku. Hakuwa na haja.

"Nampigia yule fundi wako," alisema sasa, akijikokota kuingia jikoni, miwani puani, kidole kikifuata namba iliyobandikwa kwenye friji.

"Si fundi wangu, Mama."

"Sasa ni wa nani? Si ndiye aliyekuja Novemba akabadilisha hiyo koili? Si ndiye aliyekuja Januari akasema amekaza waya? Amekaza nini!" Simu ilipopokelewa hakutoa hata salamu. "Wewe fundi wa majiko? Kazi yako mbovu. Njoo sasa hivi, mwanamke ana pai ndani."

Rumyana akageukia sinki ili uso wake usionekane. Akafungua maji bila sababu.

Mtu wa pale darajani na fundi wa majiko walikuwa mtu mmoja. Donka hakulijua hilo.

* * *

Detelin alifika saa nane kasoro robo, theluji mabegani, sanduku la vifaa mkononi. Alikuwa mrefu, mwenye masharubu yaliyoanza mvi mapema na macho ya mtu asiyelala vizuri wiki hiyo. Alipomwona Rumyana amesimama nyuma ya mama mkwe wake, macho hayo yalitulia juu yake muda mrefu kuliko ilivyofaa.

"Habari za mchana, Mama Donka. Habari yako, bibie."

"Nzuri," alisema Rumyana. Sauti ilimtoka nyembamba.

"Vua viatu," Donka aliamuru. "Ndara hizo usiguse."

"Najua, Mama. Uliniambia Novemba." Akaingia kwa soksi.

Jikoni palikuwa padogo kiasi kwamba watu watatu walipumuliana. Donka alivuta kigoda chake akakiweka katikati ya mlango, akakaa, mikono magotini. Hakuna ambaye angetoka wala kuingia bila kumruka.

"Endelea," alisema. "Mimi nataka kuona kinachokazwa leo."

Detelin alikwenda kwenye korido, akaomba njia, akazima fyuzi, akarudi, akaomba njia tena. Akalivuta jiko polepole toka ukutani. Lilitoka kirahisi mno. Akasimama, akainama, akatazama chini yake. Kipande cha zulia la zamani kilikuwa kimewekwa chini ya miguu ya nyuma ya jiko, ili liteleze.

"Hiki uliweka wewe?" alimuuliza Rumyana.

"Hapana."

"Nimeweka mimi," alisema Donka. "Nafagia nyuma ya jiko. Kuna ubaya?"

"Hakuna, Mama. Usafi ni kitu kizuri."

Akapiga magoti. Rumyana akapewa tochi ashike. Hapo nyuma ya jiko, kati ya ukuta na bati, mabega yao yaligusana, na Rumyana akasikia harufu yake, ya baridi ya nje na ya mafuta ya mashine. Wiki sita zilizopita bega hilo lilikuwa limemkinga na upepo kando ya mto, na sauti hiyo ikamwambia, "Sikulazimishi. Nakuomba tu." Sasa sauti hiyo hiyo ilikuwa inasema, "Mwanga juu kidogo. Hapo. Asante."

"Nasikia unahama," Donka alisema ghafla kutoka mlangoni.

Bisibisi ilisimama. "Nani kakwambia, Mama?"

"Jirani yangu wa chini. Kasema fundi anafunga duka, tumtafute mwingine. Unakwenda wapi?"

"Burgas. Nimepata chumba cha kazi karibu na bandari."

"Na mke?"

"Sina mke."

"Mwanaume wa umri wako! Utakwenda kule peke yako, utakuwa unakula samaki wa kopo."

"Inategemea, Mama." Detelin alifungua skrubu ya tatu akaiweka kiganjani mwa Rumyana, na vidole vyake vikabaki pale muda mfupi. "Kuna mtu nimemwomba tuende wote. Jibu nalipata leo."

Rumyana akafunga kiganja juu ya skrubu.

"Asipokubali?" Donka aliuliza.

"Nitakwenda vilevile. Nimeshalipia. Lakini hapo mahali hapatakuwa nyumbani kwangu, nadhani. Nitakuwa naishi tu."

Donka alitikisa kichwa. "Na wewe Rumi, mbona umepaka rangi ya mdomo kwa ajili ya kushika tochi?"

"Nilikuwa natoka, Mama. Nilikwambia juzi. Saa tisa."

"Ulikuwa," alisema Donka, na neno hilo likafunga kama komeo.

Kengele ya mlango ikalia. Alikuwa huyo huyo jirani wa chini, anataka kurudisha bakuli, na kama kawaida yake bakuli lilikuja na maneno mengi. Donka alisimama kwa shida, akajivuta hadi mlangoni. Sauti zao zikaanza kupanda kwenye ngazi.

Detelin akageuka upesi. Nyuso zao zilikuwa karibu kiasi kwamba Rumyana aliona tone la theluji likiyeyuka kwenye masharubu yake.

"Rumi. Niambie ukweli. Ni wewe?"

"Mimi nini?"

"Unayeharibu hili jiko."

"Una wazimu? Mimi hata taa naogopa kubadilisha!"

"Januari nilidhani ni wewe. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilirudi nyumbani nacheka peke yangu." Hakuwa anacheka sasa. "Tazama hapa. Hii ndiyo koili ya chini niliyoweka Novemba. Haina tatizo, mita inaniambia ni nzima. Tatizo ni waya huu. Umetoka."

"Labda ulilegea."

"Waya ukilegea wenyewe, unapiga cheche kwanza. Unaungua, unaacha weusi. Huu ni msafi kama sahani. Na hii nati nilikaza kwa nguvu zangu zote, ona mikwaruzo yake. Mtu ameifungua kwa ncha ya kisu, umeme ukiwa umezimwa. Mtu anayejua mashine."

Rumyana alitazama mikwaruzo ile midogo, inang'aa kwenye chuma. Mtu anayejua mashine. Donka alifanya kazi kwenye kiwanda cha nguo miaka thelathini na moja. Akisikia mtambo umebadilisha mlio, alijua ni skrubu gani. Hadithi hiyo Rumyana ameisikia mara mia.

Asubuhi hiyo, alipokwenda kununua mkate, Donka ndiye aliyemtuma. "Na upitie sokoni," alimwambia. "Usiwe na haraka."

Januari, ile Jumamosi ambayo alisema anakwenda mji wa Tryavna kwa siku moja, oveni ilikufa saa mbili asubuhi.

Akahisi kuta za pale jikoni zikimsogelea.

"Tunakwenda," Detelin alinong'ona. "Chukua koti tu. Sasa hivi, Rumi."

"Amekaa mlangoni."

"Tutampita."

"Kiapo hakipitwi, Detelin! Unadhani miaka minne nimebaki hapa kwa sababu ya mlango?"

Nyayo zilirudi zikiburuzika. Donka akaingia na bakuli tupu, akakaa tena kigodani, akawatazama wote wawili.

"Mbona kimya? Ni nini?"

Detelin alifuta mikono kwa kitambaa, taratibu, kidole kimoja kimoja. Kisha akasema, "Kosa langu, Mama. Sikukaza nati vizuri. Unisamehe."

Alikuwa ameamua kubeba aibu isiyo yake, fundi mwenye jina zuri mji mzima, ili bibi kizee asiumbuke jikoni kwake. Rumyana akamtazama, na kama alikuwa na shaka yoyote juu ya jibu la saa tisa, ilimtoka dakika hiyo.

"Nilijua," alisema Donka. "Kazi mbovu."

"Kazi yake si mbovu," alisema Rumyana.

"Rumi," Detelin alimwonya kwa sauti ya chini.

"Si mbovu, Mama. Umeifungua wewe. Na Januari pia."

Donka hakukana. Kitu cha kutisha ni hicho, kwamba hakukana. Alilaza bakuli mapajani na kulizungusha, kama anatafuta ufa.

"Mama Donka," Detelin alisema, "ungeweza kufa. Huo waya ukiwa na moto hauulizi mtu ana miaka mingapi."

"Nilizima fyuzi! Unanidhani mimi mjinga? Nimefungua mitambo kabla mama yako hajaolewa." Kisha sauti ikamshuka. "Kila ukipaka rangi ya mdomo, Rumi, najua utaniacha. Nasikia unaongea kwenye kibaraza na simu, unacheka kwa sauti ya chini. Kicheko hicho sijakisikia tangu… Nikajua kuna mtu. Sikujua ni nani. Na mimi, mpumbavu, kila nikiharibu ili usiende kwake, namwita yeye nyumbani!"

Akamtazama Detelin, kuanzia kwenye soksi hadi kwenye masharubu. "Ni wewe, au nakosea?"

"Ni mimi, Mama."

"Fundi wa majiko."

"Ndiyo, Mama."

"Mwanangu alikuwa mhandisi."

"Najua. Rumi ameniambia habari zake nyingi. Alikuwa mtu mzuri."

"Usimseme!" Donka alipiga goti kwa kiganja. Akamgeukia Rumyana, na sasa akalichomoa lile neno alilolificha miaka yote. "Uliapa. Mbele yangu. Ulishika mkono wake ukaapa."

"Niliapa," alisema Rumyana. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Na nimekaa. Nimekuogesha ulipovunjika nyonga. Sijawahi kulala nje ya nyumba hii hata siku moja. Nakuuliza tu, Mama, kiapo hiki ni mpaka lini? Niambie tarehe. Nikijua tarehe nitavumilia. Mtu aliyefungwa jela anajua tarehe yake."

Nje, gari la kuondoa theluji lilipita likikwangua barabara.

Donka alikunja midomo. Alikunja tena. Halafu akasema kitu, kwa sauti ndogo sana, na Rumyana akafikiri amesikia vibaya.

"Unasema?"

"Nimesema tarehe imeshapita. Imepita zamani."

"Sielewi."

"Siku ya pili baada ya wewe kuapa." Donka hakuinua macho. "Ulikuwa umekwenda nyumbani kuoga. Akazinduka. Akaniambia nikwambie hicho kiapo anakifuta. Alisema ulimwapia kwa sababu ya huruma na yeye alikipokea kwa sababu ya woga, na anaona haya. Akasema, mwambie. Nikamwambia nitakwambia. Usiku ule akafa."

Tochi ilimponyoka Rumyana ikagonga bati la jiko.

Miaka minne. Vipindi vinne vya baridi amesimama kwenye dirisha hili hili akitazama watu wakishuka kwenda mtoni wawili wawili, akijiambia kwamba marehemu anamwona. Na marehemu alikuwa ameshamwachia. Mlango ulikuwa wazi, na mtu mmoja tu alijua, naye alikula naye chakula kila siku meza moja.

"Ningebaki na nani?" alisema Donka. "Niambie. Nilikuwa nikisema kesho nitamwambia. Kesho. Kila siku inakuwa ngumu zaidi ya jana, mpaka ikawa haisemeki."

Detelin alisimama. Alimwendea Rumyana, na safari hii hakujali nani anatazama. Alimshika mabega yote mawili.

"Niondoke?" aliuliza. "Nibaki? Sema wewe."

Rumyana aliokota tochi.

"Maliza kazi," alisema. "Nataka iwake."

Akamaliza. Alikaza nati, akafunga bati la nyuma, skrubu nne, akasukuma jiko ukutani, akapita kwa Donka bila kumwomba njia, kwa kuwa Donka alikuwa amesogeza kigoda mwenyewe. Akawasha fyuzi. Taa nyekundu ya oveni ikawaka, na baada ya dakika kadhaa Rumyana alifungua mlango akaweka kiganja karibu. Joto lilimgonga usoni.

Akamsindikiza Detelin hadi mlangoni. Pale kwenye korido, kati ya makoti, alimvuta kwa kola akambusu, mlango wa jikoni ukiwa wazi. Hakuna aliyekohoa.

"Saa tisa bado," alisema Detelin. "Imebaki nusu saa. Nikakusubiri darajani?"

"Usiende darajani, utaganda bure. Jibu ni ndiyo. Jumatatu utanikuta kituoni kabla yako."

Alimtazama kama mtu aliyepewa kitu kizito na anaogopa kukiangusha. "Na hizi siku mbili? Utakaa humu naye? Njoo kwangu."

"Hapana. Kuna kitu changu kimebaki humu ndani. Lazima nikichukue."

Aliposikia hatua zake zimepotea chini kabisa ya ngazi, alirudi jikoni. Donka hakuwa amehama. Rumyana akavuta kiti kingine, akakaa mbele yake, magoti yao karibu yagusane.

"Sasa niambie," alisema. "Neno kwa neno. Usiongeze, usipunguze. Alisema nini?"

"Nimeshakwambia."

"Umenifupishia. Mimi ni mke wake. Maneno hayo ni yangu, na umeyakalia miaka minne. Nipe."

Donka alivua miwani. Bila miwani macho yake yalikuwa madogo, na yalikuwa ya Plamen.

"Aliomba maji," alianza. "Nikamlowesha midomo. Akasema, 'Mama, Rumi yuko wapi?' Nikasema, anaoga. Akasema, 'Afadhali, maana akiwepo nitalia.' Akasema kiapo kile anakifuta. Hilo nimeshakwambia. Halafu akanyamaza, nikadhani amelala. Kumbe hajalala. Akasema…" Akaigeuzageuza miwani mkononi. Rumyana hakumsaidia. "Akasema, 'Siku moja ataleta mtu. Akimleta, Mama, nakujua wewe, utamnunia. Usimnunie. Mpikie chakula. Ukimpikia, mimi nitajua.'"

Rumyana alijifunika uso akalia, kwa sauti, kama ambavyo hakulia mazishini, ambako watu wote walimsifu kwa ujasiri wake. Donka aliinua mkono nusu ya njia, akaurudisha. Alijua hana haki ya kumgusa.

Alipofuta uso, pai ilikuwa imeanza kunukia.

"Sijakusamehe, Mama," alisema Rumyana hatimaye.

"Najua."

"Na Jumatatu naondoka."

"Nimesikia. Masikio yangu ni mazima." Donka alishika meza akajiinua, akaenda kwenye friji, akasimama ameipa mgongo nyumba nzima. "Kesho Jumapili. Huyo fundi wako anakula nyama ya nguruwe?"

Rumyana alitaka kumnyima hata hilo.

"Anakula," alisema.

"Basi mwambie aje saa sita," alisema Donka, na akaanza kutoa nyama.